Masizi na ozoni: moshi unaotukohoza ndo huohuo unaopasha dunia joto

Ukiongelea mabadiliko ya tabianchi karibu kila mtu anataja hewa ukaa, na sio makosa, yenyewe ndo kinara, ila sisi tunaopima hewa kila siku kuna wengine wawili tunakutana nao ambao hawatajwi sana, masizi na ozoni.

Masizi unayajua, ule weusi unaoganda chini ya sufuria ukipikia kuni, yanatoka pia kwenye injini za dizeli, tanuri za matofali na moto wa misitu. Sio gesi, ni vichembe vidogo mno, na kwa vile ni vyeusi vinanyonya jua kama shati jeusi saa saba mchana halafu vinapasha hewa iliyovizunguka. Vinaelea siku kadhaa, labda wiki moja au mbili, kisha vinadondoka, sasa vikidondokea theluji ya milima ya Himalaya au ya Aktiki, kule ncha ya kaskazini, hapo ndo balaa, manake theluji safi inarudisha juu mwanga mwingi wa jua lakini ikishachafuka inaunyonya, inayeyuka mapema, chini yake inatokea ardhi nyeusi ambayo nayo inanyonya joto zaidi.

Ozoni yenyewe ni gesi, nayo inachanganya watu. Ile ya juu sana, kilomita 15 hadi 35 hivi, inatukinga na miale mikali ya jua, hiyo tuiache. Hii ya huku chini haitoki kwenye bomba lolote, jua ndo linaipika hukuhuku angani kutokana na oksidi za nitrojeni za magari na viwanda zikichanganyika na mvuke wa petroli na rangi, na methani, ile gesi ya mifugo na majalala, pia imo. Inazuia joto lisitoke, inawasha mapafu, tena inaingia kwenye vitundu vya majani ya ngano na soya mmea unadumaa, na mmea uliodumaa unavuta hewa ukaa kidogo. Yaani hasara mara mbili.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipendi nikilisema: sio kila uchafu unapasha joto. Salfa ikiwa angani inageuka vichembe vyeupe vinavyorudisha jua, ndo maana volkano ya Pinatubo kule Ufilipino ilipolipuka 1991 na kurusha salfa nyingi angani dunia ilipoa karibu nusu digrii kwa muda. Mwaka 2020 meli zilitakiwa kushusha salfa kwenye mafuta kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, mapafu yamepona kidogo lakini mwavuli nao umepungua. Tuirudishe salfa basi? Hapana jamani, inaua watu na inaleta mvua ya tindikali.

Masizi ukiyazima leo mwezi ujao anga imeshajisafisha, ozoni hivohivo, methani inachukua kama miaka 12. Hewa ukaa haina huo mchezo, sehemu yake inabaki angani mamia ya miaka, kwa hiyo anayesema tumalizane kwanza na masizi halafu hiyo nyingine itasubiri, hajapiga hesabu, kila mwaka inajilimbikiza juu ya ile ya mwaka jana.