“Baba, mwembe huo utaula lini?”

Swali hili huulizwa kwa kicheko, na mara nyingi anayeuliza ni mtoto anayempenda sana mzazi wake. Mzee yuko kitaluni, ameshika mche wa mwembe kwenye kiriba chake, anauliza bei. Aliyemsindikiza anamwambia: “Baba, si uchukue mbegu za mchicha tu? Mwembe huo utaula lini?” Mzee anatabasamu, anaurudisha mche chini, wanaondoka na mchicha. Vitalu vya Tabora huona jambo hili kila Novemba mvua zikianza, na sasa limezidi. Mchicha ni mboga nzuri, hakuna anayeukataa. Lakini kumnyima mtu wa miaka 65 mwembe kwa sababu ya hesabu iliyokosewa ni kumdhulumu.

Hesabu hiyo ilitoka kwenye miembe ya zamani. Tabora tumerithi miembe ya njia ya misafara, ile iliyooteshwa karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na mingi iliyosimama mitaani hadi leo ilitokana na makokwa. Mwembe wa kokwa huchukua miaka 6 hadi 8, wakati mwingine 10, kabla ya kuzaa sawasawa. Hapo kweli unawapandia wajukuu.

Mche wa kubebesha ni habari nyingine kabisa. Kikonyo, yaani kijitawi kinachofungwa juu ya shina la mche mwingine ili viungane, hukatwa kwenye mwembe ambao tayari unazaa. Tawi hilo limeshakomaa, na ukilihamishia kwenye mizizi michanga ukomavu wake haupotei. Ndiyo maana mche wa kubebesha wenye urefu wa mita moja huweza kutoa maua mwaka uleule uliopandwa, jambo ambalo mche wa kokwa hauwezi. Mama wa miaka 66 akiupanda Desemba hii, atakula embe lake akiwa na 69 au 70. Akifika 72 atakuwa anagawia majirani. Nani amewaambia hao watoto kwamba mama yao hana miaka minne?

Hesabu hiyo inakubali tu kama mche umepandwa vizuri, na miche mingi inayokufa Tabora imeuawa na shimo dogo au na kiangazi cha kwanza.

Shimo lichimbwe Septemba au Oktoba, sentimita 60 upana, 60 urefu, 60 kina. Ardhi ni kavu wakati huo, kwa hiyo mwagia maji jioni, chimba asubuhi, na kazi ya jembe apewe kijana. Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 20 za kwanza, uwekwe upande mmoja. Wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza. Iliyooza maana yake haina joto ukiingiza mkono, haina harufu ya zizi, na inamomonyoka. Samadi mbichi huunguza mizizi, na watu humaliza kwa kusema kitalu kimewauzia mche mgonjwa. Rudisha mchanganyiko huo kwanza, wa chini umalizie juu, acha shimo litulie wiki mbili au zaidi, kisha panda mvua zikishika. Kama kiwanja chako ni mbuga, udongo mweusi unaosimamisha maji, usifukie usawa wa ardhi: inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake, la sivyo mizizi itakosa hewa Februari.

Kiriba kipasuliwe kwa wembe upande mmoja, bonge la udongo lisivunjike. Sasa tazama kiungio. Utaona kovu kwenye shina, kama kifundo cha kidole: gome limekunjamana kidogo, na rangi ya chini na ya juu hazilingani. Kovu hilo libaki juu ya ardhi, angalau sentimita 15, na utepe wa nailoni kama bado upo ukatwe kabla haujalinyonga shina. Kila wiki pitisha kidole gumba kuanzia kovuni kwenda chini. Chipukizi lolote utakalolikuta chini ya kovu ling’oe likiwa laini. Hili ndilo kosa linalovunja moyo kuliko yote: chipukizi la chini hukua kwa kasi, mwenye mti anafurahi kwamba mche “umechangamka”, kikonyo kinafunikwa, na baada ya miaka mingi anavuna embe dogo lenye nyuzi tupu. Kisha anatangaza kwamba miche ya kubebesha ni utapeli.

Maji sasa. Mvua zetu hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kuanzia hapo mche wa mwaka wa kwanza unahitaji lita 20 mara mbili kwa wiki hadi Novemba. Mzee hapaswi kubeba ndoo hiyo. Chukua dumu la lita 20, litoboe tundu moja dogo la msumari karibu na kitako, liweke sentimita 30 kutoka kwenye shina. Mjukuu hulijaza akitoka shule, au mzee mwenyewe hulijaza kwa jagi, lita mbili mbili, kwa muda wake. Maji hutoka taratibu na yote huingia ardhini. Mche wenye kiu ndio unaoanza kuliwa na mchwa, na mchwa wa Tabora hawana huruma. Nyasi za kufunikia ardhi ni muhimu, ila ziache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Zikiligusa umewajengea mchwa daraja.

Halafu maua. Mwaka wa kwanza na wa pili yakatwe yote, kikonyo kizima cha ua, mara tu yakijitokeza kati ya Juni na Agosti. Wajukuu watalia, na mzee mwenyewe atataka kuacha embe moja tu la kuonja. Usiache hata moja. Mche mdogo ukilea embe, chakula chote huenda kwenye tunda, matawi husimama, na mwaka wa tatu unakuta mti bado uko kiunoni. Mwaka wa tatu ruhusu machache, matano hadi kumi. Wa nne uachie.

Umbo nalo hupangwa mapema. Mche ukifika mita moja hivi, kata ncha ili utoe matawi. Chagua matatu au manne yanayoelekea pande tofauti, mengine ondoa. Baadaye, kila baada ya mavuno, Februari au Machi, punguza vilele ili mti usizidi mita tatu au nne. Ukipogoa Mei au Juni umekata maua ya mwaka huo, usije ukalaumu mti. Mwembe mfupi wa namna hii unavunwa ukiwa umesimama chini na upondo wenye mfuko mdomoni. Hapa hakuna majadiliano: mtu aliyepita miaka 60 hapandi mwembeni. Nyonga ya mzee ikivunjika mara nyingi hairudi kama zamani.

Na aliye na mwembe mkubwa wa matunda mabaya asikimbilie kuung’oa. Mizizi ile ni mali. Baada ya mavuno matawi makubwa hukatwa, linaachwa moja la kuilisha mizizi, visiki vinapakwa chokaa visiunguzwe na jua. Machipukizi yakitoka yanapunguzwa yabaki yenye nguvu, na yakifika unene wa penseli yanabebeshwa aina unayoitaka. Miaka miwili au mitatu baadaye mti unazaa. Kukata ni kazi ya fundi mwenye msumeno. Kubebesha mzee mwenye mkono uliotulia anaweza kujifunza kwa asubuhi mbili. Kikonyo cha sentimita 10 hadi 15, jicho la juu limevimba lakini halijapasuka. Kichonge mwisho kama kabari ya sentimita tatu. Shina la chini lipasuliwe katikati. Maganda yagusane walau upande mmoja. Funga kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu, kisha vika kifuko kitupu cha plastiki, kile cha kutengenezea barafu, kwa wiki mbili au tatu, kivulini. Wembe uwe mpya. Wembe wa jana umeshakula kutu na huponda badala ya kukata.

Yabaki maneno yanayosemwa juu ya mwembe na embe. Haya hapa, na jibu la kila moja.

“Mti wa kubebesha haudumu”

Kiungio kilichoshika vizuri hudumu miongo mingi. Pale Ujiji, kwenye kumbukumbu ya mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wageni huonyeshwa miembe inayoelezwa kuwa ilibebeshwa kutoka kwenye mwembe wenyewe wa siku ile. Mwembe ule ulishakufa. Unaodumu ni huo wa kubebesha.

“Kokwa la embe tamu huzaa embe tamu”

Inategemea kokwa. Yapo yanayotoa miche miwili, mitatu au zaidi kwa pamoja. Yenye nguvu kati ya hiyo kwa kawaida hufanana na mama. Lakini makokwa ya aina za Kent, Keitt na Tommy Atkins hutoa mche mmoja uliochanganya damu, na hujui utapata nini hadi miaka saba ipite. Kama una subira na nafasi, otesha. Kama una miaka 65, nunua wa kubebesha.

“Mwembe usiozaa hupigwa misumari”

Wengine hupiga misumari, wengine huuchanja kwa panga “kuutishia”. Kuna kilichowadanganya: ukijeruhi gome, sukari inayoteremka kwenda mizizini hukwama juu, na mti huweza kutoa maua msimu huo. Lakini jeraha ndilo mlango wa kuvu na wadudu, utomvu unaanza kuchuruzika, na tawi linakauka. Mwembe usiozaa una sababu: uko kivulini, umelishwa samadi nyingi mno ukaota majani tu, au maua yake huwa meusi na kupukutika kwa ugonjwa wa chule. Tafuta sababu kwanza. Msumari uweke kwenye mlango.

“Maembe huleta malaria”

Hili husemwa hata na watu waliosoma. Malaria huletwa na vimelea vinavyoingizwa mwilini na mbu jike aina ya Anofelesi; kwenye embe havimo. Kinachochanganya ni kalenda tu: mvua huanza Novemba, madimbwi yanajaa, mbu wanazaliana, na maembe yanaiva wakati huohuo. Mkoa wetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo bibi anayelea mjukuu akiona homa ampeleke kupimwa siku hiyohiyo. Kusubiri “embe litoke tumboni” kumegharimu watoto.

“Mwenye kisukari asiguse embe”

Aguse, ila kwa kipimo. Gramu 100 za embe bivu zina sukari gramu 14 hivi. Dodo kubwa lenye nyama ya gramu 300 ni sawa na vijiko kumi vya chai vya sukari, na hilo ndilo tatizo, kula zima, tena juu ya sahani iliyojaa ugali. Vipande vichache vinavyojaa kiganja, na ugali upunguzwe mlo huo, kwa wengi vinakubalika. Anayetumia insulini afuate alichoelekezwa kliniki. Juisi ya embe aiache.

“Funza huzaliwa ndani ya embe”

Ni mtoto wa nzi wa matunda. Yule anayetusumbua zaidi sasa aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga embe likikaribia kuiva. Yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa sentimita 50 au zaidi, kwa sababu funza hutoka, huingia ardhini na kurudi akiwa nzi. Hii ni kazi nzuri ya wajukuu, na ndiyo inayopunguza nyoka pia. Wasemao mti karibu na nyumba huvuta nyoka wanasahau kwamba nyoka hufuata panya, na panya hufuata matunda yaliyooza na lundo la kuni. Mita sita kutoka ukutani zinatosha kwa mwembe unaopogolewa, na kivuli cha mchana hufika barazani.

“Embe likidondoka ndiyo limeiva”

Likidondoka umechelewa, nzi amekutangulia. Tazama mabega ya embe: yakijaa na kuinuka pande mbili za kikonyo, hata kama ganda bado ni kijani, limekomaa. Kata moja la majaribio. Nyama ya karibu na kokwa iwe imeanza kuwa njano. Vuna na kikonyo cha sentimita mbili, maana kikinyofoka utomvu hutiririka na kuunguza ganda, pia midomo ya watoto wanaomenya kwa meno. Yapange kichwa chini juu ya nyasi kavu kwa saa moja yachuje, yafute, yaweke kwenye kikapu ndani ya nyumba. Yataiva kwa siku nne hadi saba.