Je, wajua kwa nini nderema ina ute?

Kata jani la nderema kwa kisu, kisha vitenganishe vipande viwili taratibu. Utaona nyuzi za ute zikivutika katikati, nyembamba kama utando wa buibui. Kwa ute huo wapo wanaoikataa mboga hii. Aliyekulia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, pengine atawashangaa.

Ute wenyewe ni sukari. Si ile ya kutia kwenye chai: ni chembe za sukari zilizoungana kuwa minyororo mirefu, na minyororo hiyo hunywa maji na kuyashika. Nderema haina shina gumu la kuisimamisha. Huota yenyewe pembezoni mwa misitu ya Usambara na mabondeni penye unyevu, ikajisokota kwenye mti au ua wa michongoma kulifuata jua. Majani yake manene ndiyo mtungi wake wa maji, na ute ndio unaoyazuia maji yasipotee upesi. Bamia na mlenda nazo zina ute wa namna hii.

Sasa jikoni. Ukiikatakata sana na kuichemsha muda mrefu, ute wote hutoka na mchuzi huvutika. Hutaki iteleze? Ioshe ikiwa nzima, ichuje maji, ikate vipande vikubwa. Kaanga kitunguu na nyanya hadi zirojeke, tia mboga kwenye moto mkali bila kufunika, malizia na tui zito, likichemka tu epua. Ukali wa nyanya au ndimu hupunguza ute. Mimi lakini naitaka iteleze, hasa kwa bada, ugali wa muhogo: unga wa muhogo hunata, na ute ndio unaolishusha tonge.

Na vile vitunda vyake vya zambarau iliyoiva hadi kuwa nyeusi? Nyama unayoiminya si ya tunda. Ua la nderema halichanui sawasawa. Likishachavushwa, ganda lake hunenepa, hujaa maji na kulifunika tunda halisi lililo ndani. Ndege huja kwa rangi hiyo, wakala, wakabeba mbegu. Ni rangi ya jamii moja na ya bitiruti, kwa hiyo chunga kanzu nyeupe.

Ukiipata soko la Mgandini, Tanga, vikonyo vinene usivitupe. Chomeka kimoja penye unyevu, fundo moja, yaani pale jani linapochomoza, liwe chini ya udongo. Hapo kwenye fundo ndipo mizizi hutokea.