Kwa nini Riquelme, mzito wa miguu, hakunyang'anywa mpira kirahisi?

Ukimtazama Juan Román Riquelme, kiungo wa zamani wa Argentina, mara ya kwanza ni rahisi kusema alikuwa mvivu. Wenzake wanakimbia, yeye anatembea. Mpira ukimfikia anaukanyaga na kusimama. Wengi wameishia kusema: kipaji kikubwa, miguu mizito, bahati ya kuzaliwa Argentina ambako namba 10, kiungo mchezeshaji, anasubiriwa.

Maelezo hayo hayasimami. Mabeki wa Argentina hukaba kwa mwili, na kiungo anayekaa na mpira huchapwa viatu dakika zote 90. Katikati ya hao, Riquelme alitwaa Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini, mara 3 akiwa na Boca Juniors ya Argentina: 2000, 2001 na 2007. Fainali ya 2007 Boca iliifunga Grêmio ya Brazil 5-0 kwa jumla ya mechi mbili, na mabao 3 yalikuwa yake. Kosa letu ni kupima kasi kwa miguu ya mtu, wakati kwake mpira ndio uliokimbia. Tokyo, Novemba 2000, katika mechi ya bingwa wa Amerika Kusini dhidi ya bingwa wa Ulaya, Real Madrid, alipiga pasi ndefu kutoka nusu ya Boca, ikawapita mabeki na kumkuta mshambuliaji Martín Palermo mbioni, akafunga. Ni dakika ya 6 tu, na tayari Boca 2-0.

Ila kusubiri mwenzako afike kunataka uweze kuulinda mpira. Kabla haujamfikia alitupa jicho begani kujua mkabaji anatokea wapi. Kisha alisimama kiubavu, magoti yamekunjwa kidogo, mpira chini ya unyayo wa mguu ulio mbali na beki. Nyonga na paja vikawa ukuta katikati. Mkono ulinyooshwa kidogo, si wa kusukuma, maana sheria inakataza kumzuia mtu kwa mkono. Ulikuwa wa kuhisi uzito unatokea upande gani.

Sasa fikiria mlango usiofungwa kwa komeo. Ukiusukuma kwenye ukingo unazunguka, nawe uliyeweka nguvu zote unapitiliza ndani. Mguu wa kusimamia wa Riquelme ndio uliokuwa bawaba. Beki akimsukuma bega, hakushindana naye: aliuacha mwili uzunguke, unyayo ukiuburuta mpira upande uleule. Beki alipitiliza, Riquelme akabaki anatazama goli, kageuzwa na nguvu za mkabaji wake mwenyewe.

Mei 2000, robo fainali ya Libertadores dhidi ya River Plate, beki Mario Yepes alimbana kwenye mstari wa pembeni, mgongoni kabisa. Nafasi ya kuzunguka ilikuwa finyu. Riquelme aliuburuta mpira kwa unyayo kurudi nyuma, ukapita katikati ya miguu ya Yepes, kisha akamzunguka. Tobo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Mlango, hata hivyo, unataka nafasi pande zote. Barcelona, msimu wa 2002/03, kocha Louis van Gaal alimpanga mara nyingi pembeni, ambako mstari hufanya kazi ya beki wa pili. Si sababu pekee ya kukwama kwake pale, lakini ni nzito. Villarreal, pia ya Hispania, kocha Manuel Pellegrini alimpanga katikati, Marcos Senna akikaba nyuma yake, na mwaka 2006 klabu hiyo ya mji mdogo ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya katika msimu wake wa kwanza kwenye mashindano hayo.