ALP: kimeng'enya cha mfupa kinachokaa pia kwenye ini, utumbo na kondo la nyuma

Juzi asubuhi mama mmoja wa Makorora alinifuata kwenye dirisha la maabara hapa Tanga, ameshika majibu ya mwanawe wa miaka 13, kidole kikiwa kwenye mstari wa ALP uliosomeka 340 na alama ya "juu" pembeni. "Kaka, ndiyo kusema ini la mwanangu limeharibika?" Karatasi ile, iliyotoka kituo kingine, ilikuwa imechapishwa viwango vya watu wazima, takriban 30 hadi 120, wakati kijana aliyesimama nyuma yake alikuwa amevaa suruali ya Idi iliyokwisha kumpanda hadi ugokoni.

ALP, yaani alkalini fosfatesi, ni kimeng'enya kinachobandua fosfati kutoka kwenye molekuli nyingine, na hufanya kazi vizuri zaidi pasipo na asidi. Mwaka 1923 Robert Robison, akifanya kazi London, alieleza uhusiano wake na ukomavu wa mifupa. Seli zinazojenga mfupa, osteoblasti, hukiweka kwenye utando wake wa nje, nacho huvunja pirofosfati, ambayo ikiachwa huzuia madini ya kalsiamu na fosfati yasigande kuwa mfupa mgumu. Ndiyo maana mtoto anayerefuka huwa nacho kwa wingi, na mwenye matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D huwa nacho kwa wingi zaidi.

Lakini jeni ileile inayokitengeneza mfupani ndiyo inayokitengeneza kwenye ini na figo, tofauti ikiwa ni sukari zinazobandikwa juu yake baadaye. Kwenye ini hukaa hasa kwenye kuta za vijia vya nyongo, na jiwe likiziba njia, seli za hapo huanza kukitengeneza kwa wingi na kingine huvujia kwenye damu. Kwa hiyo kupanda kwake hakumaanishi lazima kwamba seli za ini zimekufa, jambo ambalo hata baadhi yetu wa maabara hulisahau. Utumbo mwembamba na kondo la nyuma vina jeni zao wenyewe, kwenye kromosomu ya 2. ALP ya mjamzito wa miezi ya mwisho hupanda kwa sababu ya kondo, na ALP hiyo ya kondo ni sugu ajabu: ukiipasha kwa nyuzi 65 kwa nusu saa bado inafanya kazi, ilhali ile ya mfupa huanza kufa kwa nyuzi 56 ndani ya dakika chache. Ile ya utumbo nayo huongezeka kwenye damu baada ya mlo wenye mafuta, hasa kwa baadhi ya watu wa kundi la damu la O na B, na kwa mji unaoanza siku kwa vitumbua na samaki wa kukaanga hilo si jambo dogo.

Mashine yetu haioni tofauti hizo. Tunachanganya seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, na kemikali isiyo na rangi, kimeng'enya kinabandua fosfati, mchanganyiko unageuka manjano, na kasi ya kukolea kwa manjano hayo ndiyo namba unayopewa, iwe imetoka mfupani au kwenye utumbo. Hata chupa ya damu inaweza kuivuruga: yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo hunyakua zinki na magnesiamu, madini ambayo ALP haiwezi kufanya kazi bila hayo, na jibu huporomoka. Nikiona ALP ya chini mno pamoja na kalsiamu ya chini na potasiamu ya juu, huuliza kwanza damu ilitolewa kwenye chupa gani.

Kwa kijana yule, daktari aliomba kipimo cha GGT, kimeng'enya kinachopanda nyongo inapozuiwa lakini hakitoki mfupani. Kilirudi 18, cha kawaida kabisa, nami nikamwandikia mama yake kwenye karatasi viwango vya umri wa mwanawe.