Fedha za Utafiti Huamuliwa Kabla ya Februari

Kila Juni, hotuba ya bajeti ikishasomwa Nairobi, watafiti hulalamika kwamba sayansi imesahauliwa tena. Wana haki, ila wamechelewa miezi kadhaa.

Kalenda iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia tarehe 30 Agosti Hazina ya Kitaifa huwa imetuma waraka wa bajeti kwa wizara. Vikundi kazi vya sekta, vyenye wizara na taasisi za sekta moja, hukaa, hugawana fedha, kisha huita wananchi watoe maoni. Vikao hivi ndivyo watafiti wengi huvikosa. Kufikia tarehe 15 Februari, Taarifa ya Sera ya Bajeti huwa Bungeni, na ukomo wa fedha za kila sekta umeandikwa humo. Makadirio hufuata kufikia tarehe 30 Aprili. Hapo mbunge akitaka kuongeza fedha kwenye fungu moja, sheria inamtaka azipunguze kwenye fungu jingine. Memoranda, yaani maoni ya maandishi kwa Bunge, ya Mei isiyoonyesha fedha zitoke wapi haimsaidii.

Usiegemee mno Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Ni kweli inautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, lakini kiwango hicho hakijawahi kufikiwa, na maafisa wa Hazina wamekisikia kifungu hicho hadi wamekizoea. Wape kurasa mbili: programu ipi ya bajeti, shilingi ngapi kwa kila mwaka katika miaka 3 ijayo, na matokeo yanayopimika.

Chukua friji ya maabara ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Bei yake huingia kwenye matumizi ya maendeleo. Umeme, dizeli ya jenereta na mshahara wa fundi ni matumizi ya kawaida, na hapo maombi mengi huwa kimya. Friji inakuja, dizeli haipo, stima ikipotea wikendi nzima sampuli zinaharibika. Mwaka unaofuata mkaguzi anauliza kifaa kilinunuliwa cha nini, na swali hilo linawaponza hata wenzako.

Memoranda hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa kabla ya siku iliyotajwa kwenye tangazo la magazetini. Chini yake andika jina na simu ya anayezijua hesabu, si ya mkurugenzi. Wachambuzi wa Ofisi ya Bajeti ya Bunge huenda wakataka ufafanuzi siku hiyohiyo.