Maji ya betri hayataiokoa rejeta yako ya alumini

Nimeulizwa tena. Jamaa anapoza kompyuta yake kwa maji: ana bloku ya shaba juu ya prosesa inayopitisha maji yabebe joto, kapata kwa bei ya kutupa rejeta ya alumini ya kuyapoza maji hayo, na nilipomwambia asizifunge kwenye mzunguko mmoja wa maji akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Kaka, mimi natumia maji ya betri. Hayapitishi umeme. Hiyo kutu itatokea wapi?" Jibu hilo nimelisikia dukani, nimelisoma kwenye makundi ya WhatsApp, na kila likiandikwa linapigiwa makofi. Basi leo naliandikia kwa kirefu, na atakayerudia nitamtumia kiungo hiki halafu niendelee na kazi zangu.

Misingi haraka haraka. Ili metali moja iile nyingine unahitaji metali mbili tofauti, maji yenye ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), na njia ya elektroni kupita kutoka moja kwenda ya pili. Iliyo dhaifu inalika, mwenzake anasalimika. Kwenye jedwali la vitabu linalopanga metali kwa volti, ya chini ndiyo dhaifu: alumini iko volti −1.66 na shaba iko +0.34, yaani tofauti ya volti 2. Mtu akikutisha kwa hizo volti 2, mpunguzie. Alumini ya kweli haikai uchi: imejifunika oksidi ya nanomita chache, na ukipima ndani ya maji ya bahari utakuta tofauti yake na shaba ni karibu nusu volti. Nusu volti inatosha kabisa kukuharibia kompyuta, lakini angalau tuseme ukweli.

Sasa hayo maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri. Ni kweli, maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno, mikrosiemensi 0.055 tu kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Ila hayo ni maji ya maabara. Ukifungua chupa, kabonidioksidi ya hewani inaingia, maji yanakuwa na uasidi kidogo, pH inashuka kutoka 7 kuelekea 5.6, na upitishaji unapanda mara nyingi zaidi kabla hujamimina hata tone. Kisha yanaingia kwenye rejeta yenye mabaki ya dawa ya kuchomelea, kwenye mirija inayotoa kemikali zake, na kwenye bloku uliyoishika kwa vidole vyenye jasho. Na kutu yenyewe ikianza inaongeza ayoni. Baada ya wiki chache hayo si maji uliyoyanunua. (Maji ya kunywa ya chupa yana madini tangu mwanzo, achana nayo. Maji ya visima vingi vya pwani yana kloridi, na kloridi ndiyo inayotoboa ule utando wa oksidi. Hapo hata tusijadili.)

Hapo mabishano yangeisha, lakini kuna kundi la pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linaongea kama limesoma. Hawa husema: "Mirija ni ya mpira. Shaba na alumini hazigusani. Bila kugusana hakuna mkondo."

Kwanza, una uhakika hazigusani? Rejeta imefungwa kwa skrubu kwenye kesi. Kesi imeungana na ubao mama kupitia vile vijiti vya kusimamishia ubao. Bloku imebanwa juu ya prosesa kwa skrubu zinazopita kwenye ubao huohuo. Chukua mita, iweke kwenye mlio, gusa bloku, gusa rejeta. Hapa vitabu vinanyamaza, kwa sababu jibu linategemea rangi ya kesi, aina ya skrubu, na matundu ya ubao yana shaba pembeni au hayana. Kompyuta moja italia, nyingine itakaa kimya. Siwezi kukuambia yako ni ipi bila kuipima.

Lakini chukulia imekaa kimya, na umeweka hadi vishikizo vya plastiki. Bado. Shaba huachia ayoni zake ndani ya maji, kidogo kidogo. Hizo ayoni hazihitaji waya. Zinasafiri na maji, na pampu yako inazisukuma usiku na mchana. Zikifika kwenye rejeta na kukuta mahali ambapo utando wa oksidi una mwanya, zinanyang'anya alumini elektroni na kugeuka tena kuwa shaba kamili, chembe ndogo iliyonata palepale ukutani. Sasa una shaba na alumini zimegusana moja kwa moja, na umbali ambao mkondo unatakiwa kusafiri ndani ya maji ni sawa na sifuri. Kwa umbali huo, usafi wa maji haukusaidii chochote. Hoja ya maji ya betri na hoja ya mirija ya mpira zinakufa kwa pigo moja, na ndiyo maana nashangaa bado zinazunguka.

Ndiyo maana pia alumini hailiki kwa usawa. Inatobolewa. Ukuta wa mirija ya ndani ya rejeta ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo kishimo kimoja chenye bidii kinatosha kudondosha maji juu ya kadi ya michoro iliyo chini yake.

Nilifungua moja hivi karibuni. Mteja alilalamika joto linapanda, alishabadilisha pesti ya prosesa, hakuna nafuu. Nikaondoa kifuniko cha bloku: katikati ya vile vijipezi vyembamba kulikuwa na ute mweupe wa kijivu, mzito kama uji uliolala. Hiyo ni haidroksidi ya alumini. Nikafungua koplingi (viungio vya mirija) za rejeta, nikamulika ndani kwa tochi ya simu: madoa meusi, na pembezoni mwake vijichembe vyenye rangi ya waridi. Hiyo ni shaba iliyohama makazi. Mteja akaishika bloku akasema, "Mbona shaba yenyewe haina shida?" Kaka, hiyo ndiyo iliyoshinda.

Na wale wanaolalamika kwamba hewa haiishi kwenye mzunguko kila wakiitoa: kama una alumini na shaba humo, mapovu hayo huenda si hewa. Alumini ikila maji inaachia haidrojeni.

Kuna swali moja zuri ambalo nalipa heshima yake: mbona vipozeo vya AIO, vile vya maji vinavyokuja vimeshaunganishwa, kujazwa na kufungwa kiwandani, vingi vyake vina bamba la shaba na rejeta ya alumini? Ndiyo, vinavyo. Lakini vimejazwa glikoli na dawa za kuzuia kutu zilizopimwa, vimefungwa, oksijeni ndani ni chache, na hakuna mtu anayeongeza maji. Na havikutengenezwa viishi milele. Udhamini wa vile vizuri ni miaka 5 au 6, na hata kabla ya hapo vingine huziba. Shida inaanza fundi anapokifungua, anamwaga kilichomo na kujaza maji ya betri "ili kiwe kipya". Amemwaga kitu pekee kilichokuwa kinazipatanisha shaba na alumini.

Dawa zenyewe zinafanya kazi, sibishi. Benzotriazoli hunata juu ya shaba na kuizuia isiachie ayoni, kwa hiyo ukiilinda shaba umeilinda na alumini. Kulanti ya gari, yaani maji ya kupozea injini, ina dawa za aina hiyo kwa sababu injini nazo ni mchanganyiko wa metali. Tatizo ni kwamba dawa inaisha, na hakuna geji ya kukuonyesha imebaki kiasi gani. Karatasi ya pH inakuambia pH tu. Kwa mzunguko wa shaba tupu mimi hubadilisha kila mwaka. Kwa mchanganyiko, anayekutajia miezi kamili anakisia, na mimi nikitaja nitakuwa nakisia vilevile, hivyo siujengi. Na usichague kulanti kwa rangi. Rangi ni rangi tu, kila kiwanda kinatia yake, na aina mbili zisizopatana zinaweza kugandiana.

Alumini yenyewe haina dhambi. Mwaka 2017 EK, kampuni ya vifaa vya kupozea kompyuta kwa maji, walitoa seti za alumini tupu, bloku hadi rejeta, na wakaonya zisichanganywe na vifaa vyao vya shaba. Alumini na alumini, ukiweka na dawa, zinaishi kwa amani. Nikeli juu ya shaba, shaba ya njano, koplingi za kromu: havina shida na shaba, vimekaribiana nayo. Vijikoili vya madini ya fedha vinavyotumbukizwa majini kuua mwani sivitumii. Kwenye jedwali lile fedha iko +0.80, na dawa ya mwani ya chupa ipo.

Cha kuogopa ni alumini iliyojificha. Boksi la rejeta likiandikwa "shaba", uliza kama ni mapezi tu, kwa sababu mapezi hayagusi maji. Sumaku haitakusaidia, hainasi shaba wala alumini. Pima uzito mkononi: alumini ni gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, shaba karibu 9. Kisha kwangua kidogo kwa tupa ndani ya uzi wa koplingi. Njano au nyekundu, sawa. Nyeupe, iache. Alumini iliyopakwa rangi kwa umeme nayo ni alumini. Koplingi ikishakazwa, uzi umechubuka. Na koplingi moja ndogo ya alumini ndani ya mzunguko mzima wa shaba inateseka kuliko rejeta nzima, kwa sababu eneo kubwa la shaba lote linamshambulia mmoja. Mfano mwingine wa shaba kuila alumini ni AC za nyumba zilizo karibu na bahari, Msasani au Nyali: angalia kipande cha nje, mapezi ya alumini juu ya bomba la shaba, yanavyogeuka unga. Hapo umande wa chumvi peke yake umetosha.

Kama tayari umeshachanganya, mwaga leo. Bloku ya shaba isiyo na nikeli inasafishika kwa maji ya ndimu yaliyozimuliwa na mswaki laini, kisha suuza vizuri. Rejeta usihangaike kuiosha: zile chembe za shaba zimeshaingia kwenye vishimo, hazitoki, na hata ukiifunga baadaye kwenye mzunguko wa alumini tupu zitaendelea na kazi yao. Mpe mnunuzi wa vyuma chakavu, apime kilo. Mtandaoni usiiweke "imetumika kidogo", maana atakayeinunua ataniletea mimi.