"Bibi" au "pembe"? Kusoma hati za kale za Kiswahili

Neno moja lilinishika asubuhi nzima. Karatasini, kwa maandishi ya Kiarabu, naona herufi be mbili, kila moja ina kasra, yaani kistari cha chini kinachoonyesha irabu, na herufi ye katikati ya kuvuta silabi ya kwanza. Hiyo ni "bibi". Lakini ni "pembe" pia, na "pepe" vilevile. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi za Kiarabu kama zilivyo: be ikabeba b, p na mb, kasra ikawa i na e, dhuma, alama ya irabu ya juu, ikawa u na o. Msomaji wao hakutaabika, kwani utendi alikwisha kuusikia ukiimbwa kabla hajafunua karatasi.

Mimi sina bahati hiyo, basi hushika vina. Kipande cha jirani kiliishia na "habibi", neno lisilokubali "be" mwishoni. Ikawa "bibi".

Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anasema: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati." Kwa hati ya zamani, "upulike" husomeka "ubuliki". Asiyejua kwamba Kiamu, lahaja ya Lamu, husema kupulika kwa maana ya kusikiliza atakwama hapo. Kwa hiyo nasisitiza: hati hizi zisomwe kwa sauti, na karibu yako awepo mtu wa Lamu au Pate.

Hati nyingi za aina hii zimo katika maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha London, miongoni mwa makaratasi ya William Taylor na William Hichens, Waingereza waliokusanya tungo za Kiswahili. Humo mna mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki mnamo 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika, akifanya kazi na Taylor. Zimo pia nakala za Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa mchonga mbao pia. Ukiutazama mwandiko wake utaamini.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo mno. Katika hati nyingi, chini ya ukurasa, pembeni, kuna neno moja limelala mshazari peke yake. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, maana kurasa hazikutiwa namba. Karatasi zikichanganyika, hilo ndilo hunirudishia mpangilio.